Beleshi Lililorudishwa Mkesha wa Krismasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dunja alizoa majivu ya jiko, akaingiza kuni ndani, kisha akasimama mbele ya babu yake, mikono kiunoni, akingoja ameze vidonge. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Mzee Vukašin alikuwa bingwa wa kuficha kidonge shavuni na kutangaza kwamba kimeshafika tumboni.

"Fungua mdomo, babu."

"Mimi si farasi wa mnadani."

"Farasi angekuwa ameshafungua zamani."

Mzee alicheka, na katika kucheka kidonge kikateremka kweli. Hivyo ndivyo siku zao zilivyoanza. Waliishi watatu: babu, Dunja mwenye miaka kumi na miwili, na mama yake, Slavica, muuguzi katika zahanati ya kijiji cha Borovina ambaye mara nyingi alikuwa zamu ya usiku. Nyumba yao iko juu kidogo ya barabara. Kutoka mlangoni hadi langoni kuna njia ndefu ya changarawe inayopita katikati ya miplamu, miti ya matunda ya plamu.

Mwaka ule, wakati wa kuvuna plamu, moyo wa mzee ulimsumbua akapelekwa mjini kupasuliwa. Alirudi amekonda, lakini yu hai, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Daktari alimpa onyo moja kubwa: asiguse theluji. Baridi hubana mishipa ya damu, na kunyanyua beleshi lililojaa theluji mbichi huulazimisha moyo mgonjwa kufanya kazi isiyo saizi yake.

"Kaa dirishani uitazame tu ikianguka," daktari alimwambia.

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia mambo yote ambayo hakukusudia kuyafanya. Alikuwa na beleshi la chuma alilorithi kwa baba yake, zito hata likiwa tupu, na kwa miaka mingi hakuna mtu mwingine aliyesafisha njia ile. Mama Dunja alilificha nyuma ya pipa la kabichi chachu, akaamini mambo yamekwisha.

Huku kwetu Borovina theluji haitusumbui kila siku. Kule juu milimani watu huzikwa nayo tangu Novemba. Sisi wa chini tunaipata mara chache tu kwa mwaka. Lakini ikija, inakuja imelowa, nzito kama zege, na asiyeiondoa mapema huikuta imegeuka barafu.

"Mwaka huu tutaisafisha mimi na wewe," mama alimwambia Dunja. "Nataka kifaa chepesi. Sina haja ya dubwana la kukaa stoo mwaka mzima likingoja siku mbili za kazi. Na kwa kuwa nikiwa zamu utakitumia wewe, utakichagua wewe. Nimeshaongea na Miloje wa duka la vifaa. Chagua, beba, mimi nitapita kulipa."

Dunja alivimba kichwa. Hakuwahi kuaminiwa kazi kubwa kama ile.

Theluji ya kwanza ilianguka Desemba kabla hajafika dukani, kwa hiyo alikimbilia kwa jirani kuazima. Jirani huyo alikuwa Stanojka, mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya uzio wao. Alikuwa na beleshi la kusukuma: pana, la plastiki, lenye ukingo mwembamba wa bati na mpini uliopinda kidogo ili mtu asilazimike kuinama.

"Usininyanyulie theluji kama unalisha ng'ombe," Stanojka alimwelekeza. "Isukume kando. Chukua kidogo kidogo. Na njoo kwanza nikuonyeshe siri." Alitoa kipande cha mshumaa mfukoni, akaupaka uso wa beleshi kuanzia juu hadi chini. "Sasa haitaganda. Itateleza yenyewe."

Ikateleza kweli. Dunja alisafisha njia yote na bado akapata nafasi ya kunywa chai kabla ya shule. Alipotaka kurudisha, Stanojka alimwambia akae nalo mpaka watakapopata la kwao. Kwa hiyo swali lilikuwa limejibiwa, na Dunja alijua limejibiwa. Laiti siku ile asingekutana na Ognjen.

Ognjen alikaa dawati la nyuma yake, na baba yake alikuwa amenunua mashine ya umeme ya kurusha theluji.

"Unabonyeza tu, inameza, inarusha!" alijigamba wakati wa mapumziko. "Inarusha mpaka kwa jirani!"

"Na jirani anasemaje?" Dunja aliuliza.

"Anaturudishia na beleshi. Lakini polepole!" Darasa zima likaangua kicheko. "Na nyinyi je? Bado mnakwangua na lile chuma la vita vya mababu?"

"Tunanunua mashine," Dunja alijibu bila kufikiri. "Kubwa kuliko yenu."

Mchana huo alienda kwa Miloje. Mashine ilikuwa imewekwa dirishani, nyekundu, ikimetameta. Miloje, mtu mnene aliyependa sana kuongea, alifuta mikono kwenye aproni.

"Karibu, binti wa Slavica. Mama yako amenieleza. Haya, niambie, njia yenu ni ya saruji au ya changarawe?"

"Changarawe," Dunja alisema, sauti ikipungua.

"Basi mashine hii itakuokotea mawe na kuyarusha kwenye madirisha. Soketi ya umeme iko wapi?"

"Jikoni."

"Waya utaishia kwenye mplamu wa kwanza. Na theluji yetu hii ya uji uji itaiziba mdomo. Mimi ni mfanyabiashara, mwanangu, natamani kuiuza, imeniganda hapo tangu mwaka jana. Lakini mama yako ndiye anayenichoma sindano, nikimuudhi nitakoma." Alichomoa beleshi la kusukuma kutoka ukutani, ndugu kabisa wa lile la Stanojka. "Chukua hili. Linyanyue kwa mkono mmoja. Umeona?"

Dunja aliliona vizuri sana. Lilikuwa jepesi, imara, la saizi yake. Alijiona pia akilipitisha mbele ya nyumba ya kina Ognjen, naye Ognjen akijishika mbavu kwa kucheka. Akalirudisha ukutani.

"Nitafikiria kwanza," alisema, akaondoka mikono mitupu.

Nyumbani mama aliuliza. Dunja alikuwa na matumaini kwamba akivuta siku, atapata namna ya kumshawishi kuhusu mashine. Kwa hiyo alisema, huku akivua viatu ili asionekane uso, "Mabeleshi yameisha, mama. Miloje ataleta mengine baada ya sikukuu."

"Si neno," mama alijibu bila shaka yoyote. "Namshukuru Mungu kwa Stanojka. Tutaendelea na lake."

Siku zilipita. Theluji ikayeyuka, watu wakaisahau, na Dunja naye akasahau. Kitu kimoja tu hakukikumbuka, na hakuna mtoto wa Borovina mwenye haki ya kutokikumbuka: mkesha wa Krismasi, kila kilichoazimwa hurudi kwa mwenyewe. Jua likizama siku hiyo, kitu cha watu hakilali kwako na chako hakilali kwa watu, na hakuna anayeazima wala kuazimisha mpaka Krismasi ipite. Wako wanaoicheka mila hii siku hizi, lakini hata hao utawaona jioni ya mkesha wakikimbia barabarani na ngazi ya jirani mabegani.

"Dunja!" mzee aliita alasiri hiyo, akiwa amekaa kando ya jiko na matawi ya mwaloni ya kuchomwa Krismasi mapajani. "Tungi la shangazi yako Milka lilisharudi. Bado beleshi la Stanojka. Lipeleke kabla jua halijazama, tusije tukaanza mwaka na mali ya mtu."

Dunja alitazama nje. Ardhi ilikuwa kavu, mbingu ya kijivu. Alilibeba beleshi shingo upande.

"Mmeshapata la kwenu?" Stanojka aliuliza, akilipokea mlangoni. "Maana goti langu linauma, theluji iko njiani, na goti langu halijawahi kudanganya. Kama hamjapata semeni mapema, jua bado lipo, tutaona la kufanya."

Angesema tu. Neno moja lingetosha. Lakini kesho yake Stanojka angemuuliza Miloje, Miloje angecheka na kusimulia, na habari ingemfikia mama.

"Tumepata, shangazi," Dunja alisema. "Liko stoo."

"Basi vizuri, binti yangu. Krismasi njema kwenu."

Asubuhi ya Krismasi Dunja aliamshwa na sauti ya chuma kikikwaruza mawe. Mama alikuwa bado zamu. Kitanda cha babu kilikuwa kitupu. Alipofuta ukungu dirishani, aliona theluji imefunika njia, imefunika ngazi, imepanda hadi katikati ya uzio. Na pale, karibu na mplamu wa kwanza, babu yake alikuwa ameinama juu ya beleshi la chuma.

Dunja alivaa buti bila soksi akatoka mbio.

"Babu! Daktari alisemaje?"

"Daktari," mzee alihema, "hana mgeni wa kwanza. Mimi ninaye. Tihomir anakuja, na mguu ule mbovu. Ateleze langoni kwangu siku ya Krismasi?"

Mzee Tihomir ndiye baba wa ubatizo wa mama yake Dunja, naye alikuwa mgeni wa kwanza wa nyumba yao tangu kabla Dunja hajazaliwa. Kwetu, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti asubuhi ya Krismasi ndiye anayeleta heri ya mwaka mzima. Huchaguliwa mapema na hungojwa kwa hamu. Kumpigia asije kusingesaidia, kwa sababu Tihomir huweka simu yake kabatini ili isichakae.

"Umelipata wapi hili beleshi?"

"Nyuma ya kabichi. Nimeishi katika nyumba hii maisha yangu yote, mnadhani mnanificha..." Hakumaliza. Alishika shina la mplamu. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Dunja alimpa bega, wakarudi ndani hatua kwa hatua. Alimkalisha kwenye kiti cha dirishani karibu na jiko, akamfunika blanketi, akampigia mama. Vidole vyake vilikuwa baridi mno hata alikosea namba na kuanza upya.

"Kifua kinamuuma?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya kazini.

"Anasema hapana."

"Muulize tena, na umwangalie machoni."

"Babu, kifua kinauma?"

"Hakiumi. Pumzi tu ndiyo imenikimbia, nangoja irudi."

"Asisogee hapo," mama alisema. "Maumivu yakianza hata kidogo, usimsikilize yeye, nipigie, nitakuja na gari la wagonjwa. Mimi nakabidhi zamu sasa hivi, nakuja kwa miguu. Lakini, Dunja, gari litaishia barabarani. Kama ikibidi kumbeba kwa machela, lazima njia iwe wazi. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema.

Alimwinamia babu. "Nitakuwa nakutazama. Ukiwa salama, gonga kioo. Usipogonga, narudi."

Mzee akagonga kioo mara moja, kumjaribu.

Beleshi la chuma lilikuwa la mtu mzima mwenye mgongo wa mtu mzima. Dunja alilichomeka, akanyanyua, theluji ikaganda kwenye chuma ikakataa kutoka. Akalipiga chini. Akanyanyua tena. Iliyotoka ilianguka palepale ilipotolewa. Alitazama dirishani; babu akagonga. Akachomeka tena, mikono ikawaka moto, na kati yake na lango miplamu ilisimama mmoja baada ya mwingine hadi chini. Hapo machozi yalimtoka. Duka la Miloje lilikuwa limefungwa. Beleshi lile jepesi lilikuwa linaning'inia ukutani gizani, na aliyeliacha huko ni yeye.

"Wewe mtoto!" Sauti ilitoka ng'ambo ya uzio. Stanojka alikuwa amesimama kwenye njia yake iliyokwisha kusafishwa, shali kichwani. "Unafanya nini na hilo jinamizi? Lile jipya lenu liko wapi?"

Dunja alifungua mdomo. Uongo wa tatu ulikuwa tayari ulimini: limevunjika, shangazi. Ulikuwa mwepesi na ungemaliza maswali. Kisha aligeuka akatazama dirisha, na babu akagonga, taratibu kuliko mwanzo.

"Halipo," alisema. "Halijawahi kuwepo. Miloje alinipa nikakataa, nilitaka mashine ili nimkoge Ognjen. Mama nilimwambia yameisha. Na wewe jana nilikudanganya, shangazi. Babu ameishiwa pumzi, mama anasema njia iwe wazi, na mimi siwezi!"

Stanojka aligeuka. Alienda ukutani kwake, akalichukua beleshi lake, akarudi uzioni. Kisha akasimama, amelishika kifuani.

"Leo ni Krismasi," alisema. "Leo siwezi kuazimisha kitu."

Dunja alishika tena mpini wa beleshi la chuma.

"Lakini sijasikia popote kwamba zawadi zimekatazwa," Stanojka aliendelea, na akalipitisha beleshi juu ya uzio, mpini mbele. "Shika. Ni lako tangu leo, halirudi. Subiri! Na hiki." Akarusha kipande cha mshumaa. "Paka kwanza. Usiwe na haraka ya kijinga. Tabaka la juu kwanza, kisha la chini. Sukuma kwenye mteremko!"

Dunja alipaka nta, akasukuma, na theluji ikaondoka. Ilikuwa nzito bado, lakini ilienda. Stanojka hakuingia uani. Alitembea upande wake wa uzio sambamba na Dunja, akielekeza kama kocha wa mpira. "Kidogo kidogo! Pumua! Mgongo wima!" Alipofika mwisho wa uzio wake alitoka barabarani na ufagio, akaanza kusafisha mbele ya lango la kina Dunja kutoka nje, kwa kuwa barabara ni ya watu wote. Kila walipopita mti, Dunja aligeuka, na kila alipogeuka kioo kiligongwa, na kila kilipogongwa mgongo wake ulipata nguvu tena.

Walikutana langoni. Njia ilikuwa wazi toka mlangoni hadi barabarani, nyembamba lakini machela ingepita. Dunja aliegemea mpini. Alitaka kusema asante, akajikuta amemkumbatia Stanojka na kulia kwenye shali lake.

"Haya, haya," Stanojka alisema. "Nenda kwa babu yako."

Hapo mlango wa nyumba ulifunguliwa. Mzee Vukašin alikuwa amesimama kizingitini na blanketi mabegani, uso umerudi rangi yake.

"Babu, umeambiwa usisogee!"

"Nimekaa mpaka kiti kimenichoka. Stanojka! Kwa nini umesimama huko kama mdai?"

"Namngoja Tihomir aingie kwanza," Stanojka alijibu. "Nitakuja baadaye kukujulia hali. Unajua mwenyewe, Vukašin. Mimi ni mjane. Nikitangulia mimi kuvuka mlango wako leo, watu watasema nimewaletea mikosi."

"Watu waje kwanza wasafishe theluji, ndipo waseme," mzee alifoka. "Ingia."

Stanojka hakusogea. Tangu mumewe afariki, kila Krismasi alikuwa akimaliza kazi za uani mapema, kisha akikaa ndani mwake mpaka wageni wa kwanza wamalize kupita, ili asikutane na mtu. Dunja hakuwahi kujiuliza kwa nini taa ya jirani huwa inachelewa kuwaka asubuhi hiyo. Sasa alielewa, na akaona aibu kwa niaba ya kijiji kizima.

Hapo walitokea barabarani watu wawili, wameshikana mikono: mama Dunja, koti juu ya sare za kazi, na mzee Tihomir na fimbo yake. Mama hakumsalimia mtu. Alipita mbio hadi mlangoni, akamshika babu mkono, akahesabu mapigo akiwa amesimama palepale kizingitini, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Amani ya Mungu! Kristo amezaliwa!" Tihomir alisalimu kutoka langoni.

"Hakika amezaliwa!" wote wakajibu.

"Rafiki yangu," mzee Vukašin akamwambia, "nisamehe. Mwaka huu utakuwa wa pili. Nafasi yako imechukuliwa na Stanojka, ila hataki kuingia."

Tihomir alitazama njia iliyosafishwa, akatazama beleshi, akamtazama Stanojka na ufagio wake. Akavua kofia.

"Ingia, mama, miguu inaganda," alisema. "Mimi nimeshachoka kuwa wa kwanza. Wa kwanza hukuta mkate bado uko jikoni. Wa pili anakuta umeshaiva."

Stanojka alicheka, akafuta macho, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Dunja alimkabidhi kichocheo cha moto, maana kuchochea ni kazi ya mgeni wa kwanza. Stanojka aliinama mbele ya jiko, akayagonga matawi ya mwaloni yaliyokuwa yakiungua, na cheche zikaruka.

"Cheche zilivyo nyingi, afya iwe nyingi," alisema. "Cheche zilivyo nyingi, furaha iwe nyingi katika nyumba hii. Na moyo wa mwenye nyumba hii upige mpaka umchoshe daktari."

"Amina," mzee alisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama alipompima babu vizuri na kuridhika, walikaa mezani, majani makavu yakiwa yametandazwa sakafuni miguuni pao, kama ilivyo mila ya Krismasi. Mbele yao kulikuwa na nyama ya kuchoma, asali na jozi. Kabla mkate haujamegwa, Dunja alisimama. Alisema yote: duka, Ognjen, uongo wa kwanza na wa pili. Alitegemea mama afoke. Mama alizungusha kikombe.

"Mimi ningekupa kazi ya kuchagua mara nyingine hata kama ungekosea," alisema hatimaye. "Ungeniletea mashine ikameza mawe, tungecheka tukairudisha. Kukosea si kitu. Lakini tazama uongo wako ulivyofanya. Mimi nilijua duka halina, nikaacha kutafuta. Stanojka alijua tunalo, akaenda kulala. Watu wawili waliokuwa tayari kukusaidia, uliwafunga mikono wewe mwenyewe. Na ulipousema ukweli mara moja tu, pale uzioni, mikono hiyo ikafunguka papo hapo."

"Samahani, mama. Samahani, babu."

"Mimi pia naomba samahani," mzee alisema, akitazama sahani yake. "Beleshi la kazi ya nyumbani lazima liwe lile linaloweza kushikwa na mdogo kuliko wote, siyo la kumwonyesha mtu misuli. Wewe ulitaka kumwonyesha Ognjen. Mimi nilitaka kujionyesha mwenyewe kwamba sijazeeka. Tumetofautiana nini?"

"Umri," alisema Tihomir, mdomo umejaa mkate, na meza nzima ikacheka.

Sikukuu zilipoisha, Dunja alienda kwa Miloje na mama yake. Alimweleza ukweli yeye pia, kisha akaligusa lile beleshi la ukutani, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati kuona kama umekaa sawa. Akalichukua. Alipita nalo mbele ya nyumba ya kina Ognjen, mchana kweupe. Ognjen alikuwa amepiga magoti uani akichokonoa mawe kwenye mdomo wa mashine, na hakuwa na nafasi ya kucheka mtu.

Beleshi hilo jipya hakulipeleka kwao. Alilipeleka kwa Stanojka, likiwa limepakwa nta tayari.

"Si kwamba narudisha," alimwahi kabla hajakataa. "Ni zawadi. Nimechagua mwenyewe."

Theluji nyingine ilianguka Februari, usiku kucha. Asubuhi Dunja alizoa majivu, akaingiza kuni, akahakikisha kidonge kimefika tumboni, kisha akatoka. Alisafisha kutoka mlangoni hadi langoni, na alipomaliza hakurudi ndani. Aliendelea hadi mlango wa jirani, ambako taa ilikuwa imeshawaka. Nyuma yake kioo kiligongwa. Dunja aligeuka, akainua mkono, na babu yake, akiwa amekaa kitini kwake na kikombe cha chai, akagonga tena.